Mwenye Mzinga Lazima Aambiwe

Jumapili, Ilala, ghorofa ya tatu,
feni ilikata tamaa kabla umeme haujakatika.
Ladislaus amekunja kitambaa cha meza cha mkewe
akatandaza ramani: vilima, mto, kanisa lisilo na jina,
nchi nzima imekatwa vyumba vya pembe sita
kama sega la nyuki.

Vita yetu ni ya kadibodi.
Kikosi kinaenea kiganjani;
ukipiga chafya umehamisha wanaume arobaini.

Mizinga yangu miwili nimeificha nyuma ya kilima,
ile mifupi, ya kutwangia. Bomu linaingia kwa mdomo
kama mchi kinuni, kisha linatapikwa juu,
linapanda hadi linasahau limetoka wapi,
ndipo linashuka.
Uzuri wake ni huo, na kasoro yake ni hiyo hiyo:
mbele yake kuna kilima. Haioni kitu.

Kwa hiyo nimemlaza mtu mmoja ukingoni mwa shamba.
Kibao kidogo, kona yake moja imeliwa na mende.
Kitabu cha kanuni kinamwita mwangalizi,
mimi namwita Koplo Mwinjuma.
Hana bunduki ya maana. Ana darubini, ana redio,
ana tumbo lililobanwa na mtama wa kuchorwa.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama.
Mwenye mzinga hawakumtaja.
Mwenye mzinga lazima aambiwe.

Navuta uzi wa cherehani kutoka kwa Mwinjuma hadi darajani.
Haugusi msitu. Haugusi ukuta.
Ladislaus anainama, anafumba jicho moja,
anautamani uzi uguse chochote.
"Haya, anaona," anasema, kama mtu anayelipa deni.

Dadu ya kwanza ni ya redio: nne, wamesikilizana.
Ya pili ni ya shabaha: moja.
Ya tatu inasema bomu limepotelea wapi.
Kaskazini, vyumba viwili. Nimetwanga maji.
Nimeua ng'ombe ambaye hata mchezoni hayumo.

Mwinjuma anarekebisha. Kazi yake ndiyo hiyo:
kulitazama kosa langu likitua,
kulipima, kunirudishia likiwa namba.
Kusini mia. Kushoto hamsini. Tena.

Lakini ni zamu ya Ladislaus,
na Ladislaus hahangaiki na mizinga.
Anapeleka watu watatu mtamani.
Dadu zinabiringika hadi kwenye sahani ya mihogo.
Anamnyanyua Mwinjuma kwa kucha mbili,
anamtia kwenye kifuniko cha soda pamoja na wengine.

Nimebaki na mabomu kumi na moja na sina jicho.
Kanuni inaruhusu: taja chumba, piga, dadu itajua.

Nashika dadu. Sirushi.

Nilikuwa darasa la tatu, Gongo la Mboto,
usiku ule ghala la mabomu liliposhika moto.
Hakuna aliyelenga.
Hakuna aliyelala mahali akisema kusini mia, kushoto hamsini.
Vilipanda tu, vikasahau vimetoka wapi.
Mama alinifunga khanga kiunoni, ncha ya pili akajifunga yeye,
tukatembea hivyo mpaka Tazara,
na kila kilipovuma kitu juu yetu
khanga ilikaza, ikalegea.
Sikuuliza kitatua wapi. Ningemuuliza nani?

"Unapiga au hupigi?"
"Napita."
"Kwa mabomu kumi na moja?"
"Napita, Ladi."

Umeme unarudi. Feni inashtuka,
inapeperusha nusu ya jeshi lake mtoni,
na nusu ya langu juu ya kanisa.
Tunaokota kwa magoti, tunabishana nani alikuwa wapi.
Mwinjuma namkuta chini ya kochi, uso juu,
vumbi limemjaa.
Ladislaus anasema huyo hahesabiki, alishakufa.

Najua. Namfuta kwa kidole.